Aliyekwangua

Mama Kokusima hakuja kwa ajili ya picha.
Alikuja kwa ajili ya fremu: mti mweusi, pembe za shaba,
iliyoning'inia miaka kwenye korido ya nyumba ya Upanga
ambayo mumewe aliinunua pamoja na vilivyomo.
"Huyo mzungu mtoe," akasema,
"nataka aingie binti yangu na joho lake."
Akaacha elfu kumi ya kuanzia. Akaenda.

Nikang'oa misumari midogo, kumi na miwili,
yenye kutu laini kama unga wa mdalasini.
Kadibodi ya nyuma ikamomonyoka. Vumbi.
Yai la mjusi, kavu, tupu.
Kisha yeye, mikononi mwangu,
mwepesi kuliko nilivyodhani.

Mchoraji. Nilimjua kabla sijasoma kitu:
brashi tatu kazibana vidoleni
kama konda abanavyo noti,
na lile jicho,
jicho linalokupima kwanza ndipo likusalimie.
Nami nilikuwa nalo. Miaka kumi na tisa
nimechora vichwa vya saluni, Magomeni hadi Mbagala,
denge, panki, twende kilioni,
mpaka ikaja mashine ya kuchapa mabango
ikameza mtaa mzima kwa wiki mbili.
Tangu hapo nawatengenezea wengine mipaka.

Ndimbo wa mihuri, tunayepakana ukuta hapa Mtaa wa Sikukuu,
akaja na kikombe cha chai. Weka mbali, nikamwambia.
Akainama. Akalamba kidole; nikakidaka hakijafika.
"Hii haikuchorwa," akasema. "Tazama, haina mstari."
Kweli. Nilitafuta mstari shavuni, kwenye ukosi,
kwenye kope, sikuupata hata mmoja.
Weusi tu, mzito, wa mahameli,
halafu weusi unaochoka,
unaochoka,
mpaka unakuwa pua.

"Bamba la shaba," akasema Ndimbo, aliyesomea chapa Chang'ombe
zamani, kabla ya kuangukia mihuri ya wenyeviti wa mitaa.
"Wanalitoboatoboa lote kwa chuma chenye meno,
huku na huku, siku nyingi, mpaka ukilipaka wino
litoe usiku mtupu. Hapo ndipo kazi inaanza.
Unapotaka mwanga, kwangua.
Unapotaka zaidi, kwangua zaidi.
Ukizidisha, ndiyo basi."
Akarudia chai yake. "Muhuri ni hivyo hivyo,
ila muhuri una haraka."

Chini, ukingoni, majina mawili:
kushoto la aliyechora, herufi zimesimama wima.
Kulia la aliyekwangua, limeliwa na mdudu wa karatasi;
imebaki T, na kitu kama mkia.
Mwaka umesalimika: elfu moja mia saba sabini na moja.
Mji huu ulikuwa haujaitwa jina hili,
na mtu fulani ameinamia shaba dirishani,
anamtafuta mwenzake gizani kwa ncha ya kisu,
sura si yake, sifa si zake,
mabega yanamuuma.

Kokusima nimemweka. Picha nzuri, ya rangi,
mwanga umemwagwa kila kona kama maji ya kudekia,
hakuna aliyehangaika kuutafuta.
Meno, joho, maua ya plastiki.
Na nyuma yake, pasipoonekana,
kwa penseli, nikaandika ambacho sijawahi kuandika:
Kondo Mwinyimvua, fremu.

Jumamosi mama yake akazisifu pembe,
nilizisugua kwa limau na majivu.
Akalipa. Mlangoni akageuka:
"Na yule?"
"Nimemtupa."

Yupo juu ya meza ya msumeno,
kwenye vipande vya mninga vilivyobaki kwa kitanda cha mtu,
vinne, visivyolingana unene.
Fundi mwingine angeuficha ukingo ule wa chini, una madoa.
Mimi nimeuacha nje wote,
na ile T,
na mkia wake.